Oili ya Injini kwa Gari la Uwanja wa Mbio Lenye Kipoza Oili

Uwanja wa mbio huipika oili ya injini kwa namna ambayo barabara haiwezi. Gari la michezo likisafiri kwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na oili yake hutulia kwenye nyuzi joto 90 hadi 100 safari nzima. Gari hilohilo likiingia uwanjani hukanyagwa mafuta hadi mwisho kwa sehemu kubwa ya kila raundi. Injini huzunguka karibu na mstari mwekundu wa geji, na joto la oili hupanda raundi kwa raundi. Oili hiyo hurushwa chini ya pistoni ili kuzipoza, hupenya kwenye beringi za kranki na za konrodi, na kwenye injini yenye turbo hupita kando ya mhimili unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, jirani kabisa na moshi wa moto mkali. Bila kipoza, si ajabu kwa gari lililoundwa kwa ajili ya barabara kuvuka nyuzi 130 kabla dereva hajamaliza zamu yake ya dakika 20. Ndiyo maana swali la oili gani iwekwe kwenye gari la namna hii halijibiwi kwa kutazama kopo. Jibu huanzia kwenye joto ambalo oili inafikia kweli, na kipoza ndicho chenye kauli kubwa juu ya joto hilo.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo hutoka katika kanuni ya J300 ya SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani. Namba iliyo mbele ya herufi W hupimwa kwenye baridi kali: 0W hujaribiwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Kwa hiyo oili ya 0W-40 na oili ya 10W-40 zikiwa zimepata moto vizuri ziko daraja moja la mnato, na tofauti yao huonekana asubuhi injini inapowashwa. Wapo wanaoiogopa 0W kwa kudhani kuwa ni nyepesi mno kwa gari la kasi. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa kinachowahusu ni ile namba ya pili.

Kwa vipimo vya J300, oili ya 20 kwenye nyuzi 100 ina mnato wa sentistoki 6.9 hadi 9.3, ya 30 hufika 12.5, ya 40 hufika 16.3, na ya 50 hufika 21.9. Lakini oili ya uwanjani haibaki kwenye nyuzi 100. Oili ya kawaida ya 5W-30 yenye sentistoki 10.5 kwenye nyuzi 100 hushuka hadi karibu 6 ikifika nyuzi 130, yaani chini ya kiwango cha oili ya 20. Oili ya 5W-40 yenye sentistoki 14 hushuka hadi karibu 8 kwenye joto hilohilo, na hapo imekuwa sawa na oili ya 20 iliyo kwenye nyuzi 100. Oili ya 50 nayo huangukia mahali pa 30. Nyuzi 30 za ziada hula madaraja mawili ya mnato. Hesabu hii ndiyo kiini cha jambo lote, kwa sababu husomeka pia kutoka upande wa pili: kipoza kinachoishusha oili kutoka nyuzi 130 hadi 105 huirudishia injini karibu mnato wote uliopotea, bila kubadilisha tone moja la oili. Mwenye gari aliyekwisha kufunga kipoza kizuri, kisha akaweka oili nzito ya 60 kwa kuogopa joto, amelipia kinga ya hatari ambayo kipoza kimekwisha kuiondoa.

Vipoza viko vya namna mbili. Cha kwanza hubadilishana joto na maji ya rejeta. Kampuni nyingi hukifunga kiwandani, mara nyingi kwenye kitako cha filta ya oili. Uzuri wake ni kwamba huipasha oili upesi asubuhi, kwa sababu maji hupata moto kabla yake. Udhaifu wake ni kwamba oili haiwezi kushuka chini ya joto la maji, na gari la uwanjani ambalo maji yake yamefika nyuzi 105 litabaki na oili ya moto zaidi ya hapo. Cha pili ni rejeta ndogo inayopozwa na upepo, iliyofungwa mbele ya gari au nyuma ya bampa karibu na tairi. Hiki hupunguza joto zaidi, mradi upepo unaingia na, jambo linalosahaulika sana, unapata njia ya kutokea. Kikiwekwa mbele ya rejeta ya maji bila mpango, huimwagia hewa moto, na dereva huona oili imepoa huku maji yakichemka.

Kipoza cha upepo kwenye gari linalotembea pia barabarani kinahitaji themostati. Themostati nyingi za kazi hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Kabla ya hapo oili nyingi huzungushwa bila kupitia kwenye kipoza. Bila themostati, oili inaweza kubaki kwenye nyuzi 60 au 70 mjini siku nzima, na hapo maji na petroli inayovujia kwenye sampu havipati joto la kuvukiza. Vikibaki huzaa tope na tindikali. Oili iliyopoa kupita kiasi huidhuru injini polepole kama ile iliyozidi moto, ila madhara yake huchelewa kuonekana. Kwa gari la michezo, joto zuri la oili kwenye sampu ni kati ya nyuzi 95 na 120. Kugusa 130 kwa muda mfupi oili nzuri ya sinthetiki hustahimili. Ikivuka 140, dereva apunguze mwendo raundi hiyohiyo.

Takwimu hizo zina maana ikiwa kipimo kimewekwa mahali sahihi. Kihisi cha joto kilichofungwa kwenye bomba la oili inayotoka kwenye kipoza husoma oili iliyokwisha kupozwa na kumpa dereva faraja ya uongo. Kihisi kikae kwenye sampu au kwenye njia ya oili inayoelekea kwenye kipoza. Na hata joto la sampu si joto la beringi: ndani ya ule utando mwembamba wa oili unaotenganisha konrodi na kranki, joto huwa juu zaidi, kwa sababu oili yenyewe husagwa pale na kuzalisha moto wake.

Kwa ajili ya mahali hapo penye shida kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya kopo lakini hupatikana kwenye karatasi ya maelezo ya oili, kwa jina la HTHS. Hupima mnato oili ikiwa na nyuzi 150 huku ikisagwa kwa kasi kubwa, hali inayokaribia ile ya beringi. J300 huidai oili ya 20 isipungue 2.6, ya 30 isipungue 2.9, na ya 0W-40, 5W-40 au 10W-40 isipungue 3.5. Oili ya 50 na ya 60 hudaiwa 3.7. Hapa ndipo mnunuzi makini anapopata la kushika. Daraja la A3/B4 la ACEA, umoja wa watengenezaji magari wa Ulaya, hudai HTHS ya angalau 3.5 hata kwa oili ya 5W-30. Hivyo makopo mawili yenye namba ileile ya 5W-30 yanaweza kuwa na oili mbili zilizoachana kabisa: moja iliyoundwa kubana matumizi ya petroli, nyingine iliyoundwa kulinda beringi kwenye mwendo mkali. Kwa gari la uwanjani, HTHS ya 3.5 au zaidi ndiyo mstari wa kuanzia, isipokuwa mtengenezaji amesema wazi kwamba injini yake imeundwa kwa oili nyepesi na joto limepimwa likaonekana kuwa chini.

Watengenezaji wenyewe wameacha ushahidi mzuri. Ford Mustang GT ya mwaka 2012 yenye V8 ya lita 5.0 iliagiziwa oili ya 5W-20. Mwaka huohuo ilitoka Mustang Boss 302, yenye injini ya ukoo uleule iliyoruhusiwa kuzunguka hadi 7,500, na ambayo wanunuzi wake walitarajiwa kuipeleka uwanjani. Boss ilikuja na kipoza oili kutoka kiwandani, na iliagiziwa 5W-50. Ford haikuona kipoza peke yake kuwa kinatosha wala oili nzito peke yake. Iliweka vyote viwili, na pale kwenye 5W ikaacha injini iwashwe kwa urahisi wakati wa baridi.

Simulizi ya Chevrolet Corvette ya kizazi cha saba inafundisha zaidi. Tangu 2014, gari hilo lilijazwa 5W-30 kwa barabara. Kitabu chake kilimwagiza mwenye gari anayekwenda uwanjani amwage oili hiyo, aweke 15W-50, kisha akirudi mjini aimwage tena na kurudisha 5W-30. Ni agizo la kihandisi lililo sahihi, lakini ni wachache wenye subira ya kulitekeleza. Kwa modeli ya 2019 kampuni iliacha utaratibu huo na kuweka oili moja ya 0W-40 kwa mjini na uwanjani. Uamuzi huo unastahili kuangaliwa na kila anayechagua oili ya gari la matumizi mawili: daraja la 40 lenye msingi mzuri, kwenye gari ambalo joto lake linadhibitiwa, limechukua nafasi ya 30 na 50 kwa pamoja. Porsche nayo kwa miaka mingi imejaza 0W-40 kwenye 911 zinazotoka kiwandani, na idhini yake ya A40 ni miongoni mwa alama zinazoaminika zaidi kwenye mgongo wa kopo.

Upande wa pili ipo BMW M3 iliyotoka mwaka 2000 na injini ya S54, silinda sita za lita 3.2 zinazozunguka hadi 8,000. Hiyo iliagiziwa 10W-60, na magari ya miaka ya mwanzo yaliitwa kubadilishwa beringi za konrodi. Kutokana na gari hilo ilienea imani kwamba 60 ndiyo oili ya gari la kasi. S54 iliundwa pamoja na oili yake, pampu yake na nafasi za beringi zake. Sifa hiyo haihamishiwi kwenye injini ya Toyota au ya Honda iliyoundwa kwa 0W-20. BMW yenyewe haikuendelea na 10W-60 kwenye M3 yenye turbo iliyotoka mwaka 2014.

Oili nzito kupita mahitaji ina gharama zake. Huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na huko kamshafti husubiri ikiwa kavu. Msuguano wake ndani ya beringi huzalisha joto zaidi, kwa hiyo sehemu ya kinga inayotafutwa hupotea njiani. Kwenye kipoza, oili nzito hupita kwa shida katika mirija myembamba. Presha hupungua kati ya kuingia na kutoka, na pampu ikizidiwa valvu yake hufunguka na kurudisha oili kwenye sampu badala ya kuipeleka kwenye beringi. Injini za kisasa zinazobadilisha majira ya valvu kwa nguvu ya oili huweza hata kuwasha taa ya hitilafu.

Utaratibu wa kuchagua, basi, ni mfupi. Kitabu cha gari kisomwe chote, pamoja na maandishi madogo: vitabu vingi vya Toyota vinavyoagiza 0W-20 husema pia kwamba oili yenye mnato mkubwa zaidi inaweza kufaa gari likiendeshwa kwa mwendo wa kasi au kwa mzigo mzito. Gari liende uwanjani na oili mpya, na joto la juu kabisa pamoja na presha viandikwe. Mafundi wa mbio hutumia kipimo cha zamani cha psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Si sheria, ila presha ikishuka chini ya hapo oili ikiwa moto ni dalili ya kushughulikia. Joto likibaki chini ya 115 na presha ikiwa imara, daraja la kitabu au moja juu yake linatosha. Likicheza kati ya 115 na 130, ni haki kupanda daraja moja hadi mawili, kwa mfano kutoka 30 kwenda 40 au 50. Likizidi 130 huku kipoza kipo, tatizo si oili tena. Kipoza ni kidogo, au hakipati upepo, au themostati imekwama, na hicho ndicho cha kutengeneza.

Namba ikishapatikana, ubora wa oili yenyewe hufuata. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 wa chombo cha usuluhishi wa matangazo cha Marekani, katika shauri la Mobil dhidi ya Castrol, neno sinthetiki huandikwa pia kwenye oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa haidrojeni; neno hilo peke yake halitofautishi tena. Kinachotofautisha ni idhini za watengenezaji na takwimu. Oili yenye tofauti kubwa kati ya namba zake mbili, kama 5W-50, kwa kawaida hutegemea polima nyingi za kushikilia mnato, na polima hizo hukatwakatwa na gia za pampu na kwa mizunguko mikali hadi 50 inakuwa 40 baada ya siku chache za uwanjani. Kipimo cha Noack nacho kisisahaulike: oili huwekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja na kiasi kinachovukiza hupimwa. A3/B4 hairuhusu zaidi ya asilimia 13, na kwa gari la uwanjani chini ya 10 ni afadhali zaidi.

Viambato vya zinki na fosforasi hulinda kamu na vibonyezo vyake pale utando wa oili unapokatika. Kwa kuwa fosforasi huharibu katalisti ya ekzosi, madaraja ya kubana petroli kama 5W-30 ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, yamewekewa kikomo cha asilimia 0.08, ilhali 40 na 50 zina uhuru zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya daraja la 40 kupendelewa. Oili za mashindano halisi, zenye zinki nyingi, zina sabuni chache za kusafisha na hazikuundwa kukaa miezi sita kwenye gari la kwenda kazini. Na injini yenye turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huvujisha petroli kwenye sampu. Asilimia chache tu zinatosha kuishusha oili daraja zima. Kwa injini kama hizo, daraja la API SP la mwaka 2020 au jipya zaidi ni la lazima, kwani husaidia kuzuia ulipukaji wa mapema unaovunja pistoni kwenye mizunguko ya chini.

Hakuna daraja la oili linaloponya njaa ya oili kwenye kona. Gari lenye tairi laini za mbio linaweza kupinda kwa nguvu inayozidi uzito wake, oili ikakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu ikavuta hewa. Hapo 60 na 20 hufa sawa. Dawa ni kuta ndani ya sampu, tangi la akiba lenye presha, au mfumo wa sampu kavu kama wa Corvette ya kizazi cha saba yenye kifurushi cha Z51. Hatua ya bure kabisa ni kujaza oili hadi alama ya juu ya kijiti kabla ya kuingia uwanjani, na kukumbuka kwamba kipoza na mabomba yake huchukua oili yao ya ziada: baada ya kufunga kipoza, injini iwashwe, izimwe, kisha kijiti kipimwe upya.

Kwa madereva wa Afrika Mashariki wanaozipa Subaru Impreza kazi ngumu, mambo mawili yanaongezeka. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kipoza kilekile huondoa joto zaidi kidogo pwani kwa kila mita ya ujazo ya upepo, ingawa upepo wenyewe wa pwani ni wa moto. Pili, rafu za vituo vingi vya mafuta zimejaa 20W-50 na SAE 40 ya daraja moja. Oili hizo zina kazi yake kwenye injini za zamani na za malori. Injini ya turbo ya uwanjani haipaswi kuwekewa kwa sababu tu namba 50 imeandikwa. Makopo ya bandia nayo yapo sokoni, na oili ya bandia haina daraja lolote. Inunuliwe kwa wakala anayetoa risiti.

Oili ya uwanjani humwagwa kwa kazi iliyofanya, si kwa kilomita. Siku mbili au tatu za mwendo mkali zinatosha, na mapema zaidi ikiwa joto lilivuka 140. Mwenye uwezo apeleke sampuli maabara: risasi na shaba zikipanda huonyesha beringi zinaliwa, chuma huonyesha silinda na kamu, na mnato ulioshuka huonyesha petroli au polima zilizokatika. Filta ya zamani ipasuliwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga. Chembe zinazong'aa humaliza ubishi wote kuhusu oili. Na injini ikinoki, vumbi lake la chuma hujificha ndani ya mirija ya kipoza mahali ambapo hakuna sabuni wala hewa ya kompresa inayolifikia lote. Injini mpya ifungwe na kipoza kipya.